Karani wa Tanga na Kalamu Yake

Juma hili nataka tumzungumze mtu ambaye jina lake hutajwa kila mahali panapotajwa Kiswahili, walakini kazi iliyompa riziki yake haitajwi sana. Mtu huyo ni marehemu Shaaban Robert wa Tanga. Mwulize mtoto ye yote wa shule, atakuambia mara moja kwamba Shaaban Robert alikuwa mshairi mkuu. Mwulize tena alikuwa akipata wapi nauli, sukari na karo ya watoto, naye atanyamaza. Jibu ni kwamba alikuwa karani wa serikali. Alishika kalamu ya ofisi mwaka 1926 alipotoka shule, hakuiweka chini mpaka mwaka 1960. Hesabu yake ni miaka thelathini na minne.

Mimi niandikaye haya ni karani pia, na huenda ndiyo sababu jambo hilo lanigusa kuliko sifa zote anazopewa. Kila mara nakutana na makarani wenzangu, na wakulima waliosoma, wasemao, "Ningependa kuandika habari za wazee wetu, au mashairi, lakini nafasi sina." Kwa hiyo ningependa tutazame jinsi mtu mmoja aliyekuwa na saa zile zile ishirini na nne tulizo nazo sisi alivyoacha nyuma yake mashairi, tenzi, hadithi, insha, tafsiri, habari za maisha ya mtu mwingine na habari za maisha yake mwenyewe.

Tanga si mbali nasi. Mtu atokaye Mombasa asubuhi kwa njia ya Lunga Lunga, akavuka mpaka, aweza kula chakula cha jioni mjini Tanga. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, huko Machui, upande wa kusini wa mji huo. Wakati ule nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Alipokuwa mtoto wa miaka saba Waingereza wakautwaa mji wa Tanga, mwaka 1916, na alipofika umri wa kwenda shule kubwa watawala wapya walikuwa wakitafuta vijana wa kujaza ofisi zao. Alisoma Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926, akapata cheti chake, na masomo ya darasani yakaishia hapo. Hakwenda chuo kikuu cho chote, wala ng'ambo. Mengine yote aliyoyajua aliyapata kwa kusoma mwenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya forodha. Aliifanya katika vituo vya pwani, na Pangani ni kimojawapo, mpaka mwaka 1944. Wasomaji waliopata kufika kwenye forodha wajua kazi ilivyo: vyombo vinaingia, vyombo vinatoka, mizigo inahesabiwa, ushuru unaandikwa, na kosa la tarakimu moja linaweza kumlaza mtu ofisini mpaka usiku. Baadaye alihamishwa kwenye idara ya wanyama kwa muda wa miaka miwili. Mwaka 1946 alirudi kwao Tanga, akawekwa katika ofisi ya wilaya hata 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka alipoacha kazi ya serikali. Hiyo ndiyo orodha ya vyeo vyake, na kwa cheo haina ajabu. Katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki siku zile karani Mwafrika alikuwa na ngazi yake ya mshahara, fupi kuliko ngazi za wengine, na hata awe hodari namna gani mwisho wa ngazi ulionekana tangu siku ya kwanza.

Sasa toa saa za ofisi, kwa maana hizo ni za serikali. Toa mwendo wa kwenda na kurudi, toa sala, toa wageni, kwa maana mtu wa pwani hamfungii mgeni mlango. Kilichobaki ni kidogo sana. Katika kidogo hicho ndimo mlimotoka vitabu zaidi ya ishirini.

Watu husema kwamba kazi ya ofisi huua akili ya mtu mwenye kipawa. Labda yawaua wengine. Kwa Shaaban Robert mimi naona kinyume. Tazama kitabu chake kiitwacho Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951. Ni habari ya nchi isiyokaa juu ya ardhi, bali inaning'inia hewani. Katika nchi hiyo kijana mmoja, Karama, ameshtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake. Kosa lake si wizi wala si damu ya mtu. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha wenzake elimu ya sheria. Mshtaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama apewapo nafasi ya kujitetea, hatoi machozi wala haombi msamaha. Kwa muda wa siku sita anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, ili watafute mambo ya kuifaa nchi. Wote walipata taabu njiani. Wote walirudi na habari za manufaa. Na wote, badala ya kushukuriwa, walitiwa gerezani.

Aliyewahi kushika jalada la kesi ataona mara moja kwamba kitabu hiki kimepangwa kama jalada. Liko shtaka, yuko mshtaki, yuko mshtakiwa, iko hotuba ya kila siku, na mwishoni iko hukumu. Hata lugha yake ni ya mtu aliyezoea kuona maneno yakipimwa, maana neno likiisha kuandikwa na kutiwa mhuri halirudi. Mshairi asiyepata kukaa ofisini angaliweza kutunga hadithi nzuri ya mfalme na waziri, lakini sidhani kama angaliipanga hivi.

Na zingatieni mwaka. Kitabu kinatoka 1951, na mwandishi wake yumo katika ofisi ya wilaya ya Tanga, anakula mshahara wa serikali ile ile. Kila asubuhi aliona watu wakingoja kusikilizwa. Wengi waliokisoma wakati ule walidhani ni ngano ya kuwafurahisha watoto, na hata leo wako walimu wanaokifundisha hivyo. Lakini soma tena. Nchi inayoogopa raia kujua sheria, nchi inayowafunga watu waliotumwa kuitafutia faida, ni nchi gani hiyo? Kama angaliiita kwa jina la Tanganyika, kitabu kisingalitoka, na labda karani naye angalitoka kazini. Akaipeleka nchi yake hewani, mahali ambapo hapana Bwana Shauri wa kumwuliza maswali. Miaka mitatu baadaye, chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga nacho. Kwa karani mwenye neno la kusema kuhusu utawala, basi, njia zilizokuwa wazi zilikuwa chache, na hadithi ilikuwa mojawapo.

Hii ndiyo sababu sipendi ile desturi ya kumfanya Shaaban Robert kuwa mzee wa nasaha tu. Ni kweli alipenda kuonya. Alionya mno pengine. Lakini mwenye kusema kwamba hakuna kitu kwake ila maonyo hajakitazama kile alichokiweka nyuma ya maonyo.

Mwaka uliofuata, 1952, kilitoka Adili na Nduguze. Hiki kina asili katika hadithi za Alfu Lela Ulela, naye akakivika kanzu ya Kiswahili. Mfalme Rai wa Ughaibu anapata habari kwamba liwali wake, Adili, mtu mwema asiyejulikana kwa ukatili, huwapiga manyani wawili kila usiku. Baadaye tunajua kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea, na kwamba Adili huwapiga huku moyo wake ukiuma, kwa kuwa ameamriwa. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana juu ya hadithi hii katika gari la abiria, wakati kila mmoja alikuwa na ndugu yake mwenyewe moyoni.

Kitu kinachowakera wasomaji wa siku hizi ni majina. Wanasema: mtu akiitwa Hasidi katika ukurasa wa kwanza, ni nini kilichobaki cha kutushangaza katika ukurasa wa mwisho? Lawama hii ina haki. Watu wa Shaaban Robert mara nyingi hawabadiliki. Mwema ni mwema tangu utotoni na mbaya hivyo hivyo. Wanawake wake ni wazuri kupita kiasi, na wanasema maneno mazuri kupita kiasi. Mimi mwenyewe, nikisoma vitabu vyake viwili mfululizo, huhisi kama niliyekula halua bila kahawa. Lakini nikisoma kimoja, nikakiweka, nikangoja mwezi, utamu wake unarudi.

Mashairi yake yataka safu nyingine nzima, kwa hiyo nitayapita upesi. Pambo la Lugha kilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1948. Mwafrika Aimba kilitoka mwaka 1949. Almasi za Afrika mwaka 1960. Washairi wa zamani wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu, na kazi zao zilikaa kwa wenyewe, katika nyumba za Lamu, Mombasa na Pate. Huyu aliandika kwa herufi za Kirumi, zile zile tulizofundishwa shuleni, kwa hiyo mtoto wa Nyeri au wa Tabora aliweza kumsoma bila mkalimani. Alitunga shairi la kusifu Kiswahili, akaifananisha lugha ya mtu na maziwa ya mama yake. Wakati huo wengi waliosoma walidhani kwamba elimu ni Kiingereza tu.

Tenzi mbili aliziandika kwa ajili ya watoto wake mwenyewe: Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Hakuziandika ili zisifiwe na wenye elimu. Alikuwa baba aliyefiwa na mke wake wa kwanza, Amina, naye alijua kwamba mtumishi wa serikali aweza kuhamishwa wakati wo wote na kuwaacha watoto mikononi mwa wengine. Akaandika yale ambayo baba angaliyasema jioni barazani. Zimo katika kitabu chake cha Maisha Yangu, na ajabu ya kitabu hicho ni kwamba hakisimulii utoto wake. Mtu anasimulia maisha yake, lakini tunakutana naye akiwa tayari mtu mzima, mwenye kazi na jamaa. Wazungu waandikapo maisha yao huanza na titi la yaya. Yeye aliona kwamba mtu huanza kuhesabiwa hapo anapoanza kuwajibika kwa wengine.

Utenzi mrefu kuliko yote aliotunga ni ule wa vita vya mwaka 1939 hata 1945, wenye beti zipatazo elfu tatu. Aliuita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Jina hilo lastahili kufikiriwa kidogo. Waafrika wengi wa nchi zetu walikwenda Burma na Abisinia kwa kuambiwa kwamba wanapigania uhuru wa mataifa. Karani wa forodha aliyasikia maneno hayo, akayaandika juu ya jalada la utenzi wake kwa herufi kubwa. Ikiwa vita vilikuwa vya uhuru, basi uhuru huo ni wa nani? Hakuuliza swali hilo waziwazi, lakini jina lenyewe linaliuliza.

Kadhalika alitafsiri beti za Omar Khayyam, Mwajemi wa zamani aliyekuwa bingwa wa hesabu na nyota. Hakujua Kiajemi, alizichukua kutoka tafsiri ya Kiingereza ya Edward FitzGerald. Mwislamu wa Tanga, mtu wa sala, anaketi na kutia katika Kiswahili beti zinazotaja mvinyo na mashaka juu ya mambo ya akhera! Wapo waliomshangaa. Nami nasema kwamba mtu aliyeona haya kusoma fikira za mwenziwe asingaliweza kuandika Kusadikika.

Lakini kama ningaliulizwa ni kitabu gani kinachonionyesha moyo wake waziwazi, nisingalitaja shairi wala hadithi. Ningalitaja Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alikuwa mwanamke wa shamba, kutoka Fumba katika kisiwa cha Unguja, aliyezaliwa kama mwaka 1880. Hakuwa na elimu ya darasani, wala hakuwa na mali. Alikuwa akiuza vyungu. Kwa sauti yake tu aliingia mjini, akaimba taarab kwa Kiswahili mahali ambapo wakubwa walizoea kusikia Kiarabu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Sahani hizo zilichezwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na hata bara. Shaaban Robert alimwendea Siti alipokuwa mzee, akamwuliza habari zake kwa kinywa chake mwenyewe. Siti akafariki mwezi wa Julai 1950. Wasifu ulipigwa chapa mwaka 1958, kwanza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Fikirini kama angalichelewa mwaka mmoja. Tungalibaki na sahani za santuri zilizokwaruzika na uvumi wa mitaani. Katika siku ambazo vitabu vya wasifu vilikuwa vya magavana na wamisionari, karani huyu aliona kwamba muuza vyungu wa Fumba anastahili kitabu. Na alikiandika kwa heshima ile ile ambayo angalimwandikia mfalme. Kila wilaya yetu inao watu wa namna ya Siti, na sasa hivi wanazeeka.

Kwa wasomaji wangu wakulima nina neno la pembeni. Kiko kitabu kiitwacho Utubora Mkulima. Utubora ana kazi ya kalamu mjini, kazi safi, yenye mshahara mzuri. Anaiacha kwa hiari yake, anakwenda kijiji cha Busutamu, anashika jembe. Hakufukuzwa wala hakufilisika. Ameona tu kwamba maisha ya kuandika hesabu za mali ya mtu mwingine hayamtoshi. Najua wenye mashamba watacheka katika kurasa kadhaa, maana udongo wa Busutamu ni mtiifu kuliko wa kwetu, na mwandishi hakusumbuka sana na kiwavi wala ukame. Ni kweli, aliyekiandika alikuwa mtu wa mezani akiota shamba. Lakini ni ndoto ya namna gani hiyo! Wakati shule zote zilikuwa zikifundisha kwamba jembe ni adhabu ya mtoto aliyeshindwa mtihani, karani wa miaka mingi alimchukua karani hodari na kumpeleka shambani kwa furaha. Mimi nilikisoma mara ya kwanza ofisini, wakati wa chakula cha mchana, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikiyatazama majalada yangu kwa jicho baya.

Sasa lipo jambo la huzuni. Utubora Mkulima kilipigwa chapa mwaka 1968. Mwandishi wake alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961. Alizikwa kwao Machui. Kwa hiyo hakukiona kitabu hicho. Siku ya Watenzi Wote, hadithi ya Ayubu wa Dar es Salaam, nayo ilitoka 1968. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka 1967, miaka ishirini na miwili baada ya vita vyenyewe kwisha. Kufikirika, hadithi ya mfalme tajiri aliyekosa mtoto, na ya mwalimu aliyeonekana mjinga kumbe ndiye mwenye busara, aliiandika katika miaka ya 1940. Ikapigwa chapa mwaka 1967. Fikirini mswada uliokaa miaka ishirini sandukuni, katika hewa ya Tanga yenye chumvi, pamoja na mchwa na mende tunaowajua sote.

Si kwamba hakujulikana. Alipewa Tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya M.B.E. Alikuwa mjumbe katika Kamati ya Kiswahili. Lakini nishani haipigi chapa kitabu. Wapiga chapa wakubwa walikuwa London na Johannesburg, nao walipenda vitabu vyembamba vya shule ambavyo serikali ingevinunua kwa maelfu. Kitabu cha Kiswahili cha mtu mzima, kirefu, chenye fikira, kilikuwa biashara ya shaka. Mtu wa Tanga alipeleka mswada wake kwa meli, akangoja miezi kwa miezi, na pengine jibu likaja kwamba haufai kwa sasa. Mwisho aliamua kutoa baadhi ya vitabu vyake mwenyewe papo hapo Tanga, kwa fedha yake. Wanaokaa na familia kwa mshahara wa karani wanaelewa uamuzi huo ulikuwa na uzito gani nyumbani. Baada ya kufariki kwake, kazi hizo zilikusanywa na kutolewa kwa jina la Diwani ya Shaaban, nazo zikaingia shuleni na vyuoni, na jina lake likawa kubwa kuliko lilivyokuwa siku yo yote ya uhai wake.

Wako wanaoniuliza waanze na kipi, hasa wale wenye fedha ya kitabu kimoja. Karani aanze na Kusadikika, akisome jioni mbili au tatu, maana ni kifupi. Mkulima aanze na Utubora Mkulima, akasirike akitaka, lakini akimalize. Mama mwenye kupenda nyimbo, na kijana anayedhani kwamba mashujaa wote walikuwa wa vita, waanze na Siti. Mashairi yasubiri, kwa kuwa yanataka sauti, na yafaa kusomwa na watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza. Insha zake, kama zile za Kielezo cha Insha cha mwaka 1954, ni nzuri kwa mwanafunzi anayejifunza kupanga maneno. Mtu mzima aweza kuzionja moja moja.

Kitabu cha mwisho nitakachokitaja hakukiandika kwa nia ya kuwa kitabu. Alikuwa na ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, na kwa miaka mingi alimwandikia barua. Barua za makarani wengi huishia kufungia sukari au kuwashia moto. Yusuf Ulenge aliziweka. Zilitolewa Dar es Salaam mwaka 2002, zikiwa zimehaririwa na M. M. Mulokozi wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, miaka arobaini baada ya kufa kwa aliyeziandika. Anayezisoma hakutani na mshairi mkuu wa kwenye picha ya shuleni. Anakutana na kaka akimwandikia mdogo wake, na kwa njia hiyo anaona yale ambayo Maisha Yangu haikuyasema. Barua ya kwanza iliyomo ni ya mwaka 1931, wakati mwandishi alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili katika idara ya forodha, na ya mwisho ni ya mwaka 1958, alipokuwa bado karani.